Kadi mfukoni, jina ukutani hakuna: kisa cha mpangaji wa Mbagala na uchaguzi wa mtaa wa 2024

Jumatano ya tarehe 27 Novemba 2024 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko. Saa tatu asubuhi kijana wa miaka 23 anafika kwenye kituo cha kupigia kura cha mtaa anaoishi, Mbagala, Dar es Salaam. Kadi yake ya mpiga kura ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki tangu alipoipata Songea mwaka 2020. Ukutani yamebandikwa majina, karatasi kwa karatasi, yameandikwa kwa mkono. Anapitisha kidole juu hadi chini, anarudia, anamwomba na jirani amsaidie kutafuta. Jina halimo. Anaingia ndani na kuonyesha kadi. Anaulizwa swali moja: "Oktoba ulijiandikisha hapa mtaani?" Hakujiandikisha. Anatoka nje, na nafasi yake ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa imekwisha mpaka 2029.

Kijana huyu ni wa mfano. Tumemuunda kutokana na makosa yanayowapata vijana wengi, na kila kosa linafahamika vizuri kwa yeyote anayezijua kanuni za uchaguzi huu. Tunamfuata hatua kwa hatua kwa sababu kura yake haikupotelea kwenye sanduku. Ilipotea siku 38 kabla, jioni ya tarehe 20 Oktoba, daftari la mtaa lilipofungwa bila jina lake. Ukimsikiliza anavyosimulia, atakwambia "walinizuia kupiga kura". Ukweli ni kwamba asubuhi ile ya Novemba hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia tena, hata kama angetaka.

Madaftari mawili, wasimamizi wawili tofauti

Kosa la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na linaeleweka kirahisi. Tanzania Bara ina chaguzi mbili zinazofuatana, na kila moja ina orodha yake.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linatunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Humo unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole kwenye mashine, unapewa kadi. Kwa daftari hilo unamchagua Rais, mbunge na diwani. Diwani naye ni kiongozi wa serikali za mitaa, ila anachaguliwa siku moja na Rais, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Mwenyekiti wa kijiji, wa mtaa na wa kitongoji, pamoja na wajumbe wao, wanachaguliwa mwaka mmoja kabla, katika uchaguzi ambao mwaka 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa kanuni zake. Orodha ya wapiga kura wa uchaguzi huu huandikwa upya kila mara. Haitumii mashine wala haitoi kadi. Mwandikishaji ana daftari na kalamu: anaandika jina lako, jinsia, umri, unaweka saini au dole gumba, unaondoka mikono mitupu. Labda ndiyo maana watu hawaipi uzito. Mtu akitoka bila karatasi yoyote mkononi anahisi hajafanya kitu.

Sasa tazama jinsi kalenda ya 2024 ilivyozidisha mkanganyiko. Mwezi Julai mwaka ule Tume ilianza kuboresha Daftari la Kudumu, ikianzia Kigoma na kuhama mkoa hadi mkoa. Katikati ya zoezi hilo, tarehe 11 Oktoba, TAMISEMI ikafungua uandikishaji wake Tanzania Bara nzima. Redioni tangazo hili, kwenye gari la matangazo tangazo lile, na yote mawili yanasema "jitokeze ukajiandikishe". Zamu ya Dar es Salaam kwenye Daftari la Kudumu ilikuja Machi 2025. Kwa hiyo kijana wetu, aliyesikia kwamba "Dar bado hatujafikiwa", alikuwa sahihi kwa daftari moja na amekosea kabisa kwa daftari la pili.

Kadi yake ingefaa kwa jambo moja tu siku ile: kumtambulisha kwamba yeye ndiye aliyeandikwa kwenye orodha. Kazi hiyo ingefanywa vilevile na kitambulisho cha taifa cha NIDA, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, kadi ya bima ya afya au kitambulisho cha chuo.

Siku kumi, na tatu kati yake zilikuwa zake

Uandikishaji ulianza Ijumaa tarehe 11 na kufungwa Jumapili tarehe 20 Oktoba, vituo vikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kijana wetu anauza makava na chaja Kariakoo. Anaondoka Mbagala alfajiri kuwahi daladala, anarudi saa tatu usiku. Ukimwambia ana siku kumi za kujiandikisha atakuuliza: siku kumi zipi?

Zihesabu. Ndani ya siku hizo kulikuwa na Jumapili mbili, tarehe 13 na tarehe 20. Jumatatu ya tarehe 14 ilikuwa Siku ya Nyerere. Hizo ni siku tatu ambazo hata mtu mwenye kazi ya kutwa angeweza kupata nusu saa, maana kujiandikisha kwenyewe ni dakika chache kama foleni si ndefu. Jumapili ya kwanza alifua. Siku ya Nyerere alifungua biashara kwa sababu wateja walikuwepo. Jumapili ya mwisho ndiyo aliyoitegemea, na jioni yake mwenzake alimwambia "wewe si una kadi?" Akakaa.

Kosa la pili ndilo hilo la kuitegemea siku ya mwisho, na ni hatari kwa sababu nyingine pia. Ukikuta kasoro, kwa mfano kituo kimehamishwa kutoka ofisi ya mtaa kwenda chini ya mwembe wa shule, au mpaka wa mtaa unapita katikati ya barabara yenu na kumbe wewe ni wa upande wa pili, huna tena siku ya kurekebisha.

Baada ya daftari kufungwa orodha ilibandikwa hadharani ili watu waikague, na mkazi aliyeona kasoro akaruhusiwa kuomba marekebisho au kuweka pingamizi. Hatua hii vijana wanairuka karibu wote. Ni hatua yenye faida mbili: unahakikisha jina lako limeandikwa sawa na linavyosomeka kwenye kitambulisho, na unaona kama yupo mtu aliyeandikwa kwenye mtaa wenu ambaye hakuna anayemjua. Mwaka 2024 vyama vya upinzani vililalamika kwamba orodha za baadhi ya maeneo zilikuwa na wasio wakazi na wanafunzi wasiotimiza umri, serikali ilikanusha. Malalamiko ya namna hiyo yanapimwa vizuri na watu wa mtaa wenyewe, wakiwa wamesimama mbele ya karatasi, wanasoma majina moja moja na kusema huyu ni wa nyumba ile, huyu hatumfahamu. Kama vijana hawapo mbele ya karatasi, kazi hiyo inafanywa na wengine au haifanywi.

"Mimi hapa si kwetu"

Kosa la tatu halikuandikwa popote, liko kichwani. Kijana amepanga chumba Mbagala mwaka wa tatu, lakini ukimuuliza kwao ni wapi atasema Songea. Anaona mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba.

Kanuni zinataka uwe raia wa Tanzania, uwe umetimiza miaka 18, uwe na akili timamu, na uwe mkazi wa eneo hilo. Mkazi ni anayeishi hapo. Hakuna sharti la kumiliki nyumba wala kuzaliwa hapo. Mwanafunzi anayelala hosteli au amepanga geto karibu na chuo anaandikwa anapoishi. Kilichokatazwa ni kuandikwa sehemu mbili.

Uongozi wa mtaa, kinyume na anavyodhani, unamgusa mpangaji kuliko mwenye nyumba. Mwenye nyumba ana hati au mkataba wa mauziano, anajulikana. Mpangaji hana kitu isipokuwa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Anaihitaji akiomba kitambulisho cha NIDA, na mara nyingi benki au mwajiri naye ataitaka. Ndugu yake akikamatwa, mdhamini anaulizwa barua ya mtaa. Mdogo wake akiomba mkopo wa elimu ya juu, fomu inahitaji kuthibitishwa na serikali ya mtaa au kijiji kabla haijatumwa. Barua moja ikicheleweshwa wiki mbili kwa sababu "mwenyekiti hayupo", dirisha la maombi linafungwa.

Hapa tuweke sawa jambo moja linalowasumbua wapangaji wengi. Mjumbe wa shina, yule ambaye bado watu wanamwita mjumbe wa nyumba kumi au balozi, ni kiongozi wa chama cha siasa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa ndio waliochaguliwa na wakazi. Mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa halmashauri na hachaguliwi. Ukijua nani ni nani, unajua malalamiko yako uyapeleke wapi.

Orodha fupi kuliko watu wanavyodhani

Kwa mujibu wa TAMISEMI, walioandikishwa mwaka 2024 walikuwa 31,282,331, sawa na asilimia 94.83 ya lengo. Ni namba kubwa, na ukubwa wake ndio unaomfanya kijana ajione tone baharini.

Igawe. Orodha inaandikwa kwa kitongoji au kwa mtaa, na nchi ilikuwa na vitongoji zaidi ya 64,000 na mitaa zaidi ya 4,200. Wastani unakuja kama majina 450 kwa orodha moja. Mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza na Arusha ina watu wengi zaidi ya hapo, na vitongoji vingi vya vijijini vina wachache zaidi. Lakini shika hiyo 450. Toa walioandikwa wasifike siku ya kura. Wanaobaki ni watu wanaoenea kwenye uwanja wa shule ya msingi, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mwenyekiti kwa miaka mitano.

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba vijana wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja ya Watanzania. Katika orodha ya watu 450, kikundi cha mpira cha mtaa pamoja na kijiwe cha bodaboda kinaweza kuamua nani ashinde. Hakuna uchaguzi mwingine nchini ambao watu ishirini wanaofahamiana wana nguvu ya namna hiyo. Kwenye kura ya ubunge ishirini hao hawaonekani.

Wanachokiamua hao wachache

Kijijini uzito uko kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na inaizuia kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na linasuluhisha migogoro ya mipaka kabla haijafika juu. Kijana anayesubiri eneo la kulima, au anayetaka kipande cha malisho kisiuzwe kwa mtu wa nje, anakutana na watu hawa kwanza. Kijiji ambacho mkutano mkuu hauitishwi ni kijiji ambacho ardhi inaweza kuondoka kwa muhtasari wa kikao kisichowahi kukaa. Mwenyekiti ndiye mwenye wajibu wa kuuitisha, kila baada ya miezi mitatu, na kusoma mapato na matumizi mbele ya watu.

Mjini ni mambo ya taka, ulinzi shirikishi, michango, na mikopo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 kisha ukarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana kinachoomba kinaanza kutambuliwa kwenye mtaa wake kabla ya kufika kata na halmashauri. Mtaa wenye mwenyekiti anayebandika matangazo ya mikopo mlangoni mapema, na mtaa wenye mwenyekiti anayewapigia simu watu wake watano, haipati sawa hata kama fedha ni ile ile.

"Si wameshapanga?"

Swali hili haliwezi kukwepwa, na anayemwambia kijana akajiandikishe bila kulijibu anamkosea heshima.

Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 wapinzani walishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, CHADEMA ikatangaza kwamba wanachama wake watatu waliuawa katika siku za uchaguzi, na matokeo yakaipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya uenyekiti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Kijana anayezitazama namba hizi na kuuliza "kura yangu inafanya nini?" anauliza swali la mtu mwenye akili.

Tunalo jibu, lakini si jibu la kila kitu. Uandikishaji hauwezi kumrudisha mgombea aliyeenguliwa. Hata hivyo mambo mawili yanabaki mikononi mwa mwenye jina kwenye orodha.

La kwanza ni kura ya Ndiyo au Hapana. Mwaka 2019 mgombea aliyebaki peke yake alipita bila kupingwa. Kanuni za 2024 zilibadilisha hilo: aliyekuwa peke yake kwenye karatasi alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Ni badiliko ambalo vijana wengi hawakulisikia, wakabaki nyumbani wakiamini kwamba penye mgombea mmoja hakuna uchaguzi. Hapana inahesabiwa.

La pili ni kwamba mashindano mengi yanaishia ndani ya chama, kabla ya Novemba. Mgombea lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi. Anatakiwa awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe na shughuli halali ya kumwingizia kipato. Kwa hiyo mwenyekiti wa miaka 24 hakatazwi na umri. Anakatazwa na kura za maoni za tawi, ambako vijana hawahudhurii, na anakatazwa na fomu. Fomu ndipo wengi wanapoanguka: jina lililoandikwa tofauti na linavyosomeka mahali pengine, kisanduku kilichoachwa wazi, saini ya udhamini isiyo ya kiongozi anayetambuliwa, au kurudisha fomu dakika za mwisho kwenye ofisi iliyofungwa. Mwaka 2024 uandikishaji ulikwisha tarehe 20 Oktoba na kampeni zikaanza tarehe 20 Novemba. Fomu, uteuzi, pingamizi na rufaa vyote vilibanwa ndani ya mwezi huo mmoja. Anayetaka kugombea asijaze fomu peke yake. Ampe mtu wa pili aisome neno kwa neno, aipige picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha, na airudishe mapema akiwa na shahidi.

Kijana wetu na mwaka 2029

Muhula ni miaka mitano, kwa hiyo uchaguzi unaofuata wa ngazi hii ni 2029. Aliye na miaka 13 wakati wa kura ya 2024 atakuwa mpiga kura. Utaratibu unaweza kubadilika njiani: Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Namba 2 ya 2024, inaipa Tume jukumu la kusimamia uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji kwa namna itakayowekwa na sheria ya Bunge. Sheria hiyo ikitungwa, huenda madaftari mawili yakawa moja. Mpaka utakaposikia hivyo rasmi, chukulia kwamba ni mawili, na kwamba lile la mtaa linaanza na ukurasa mtupu.

Mpangaji wetu anaweza kuwa amehama mara mbili kabla ya hapo. Jina halimfuati. Kwenye Daftari la Kudumu ana njia ya kuhamisha taarifa zake kutoka Songea, hata kuanza hatua hizo mtandaoni kabla ya kwenda kituoni. Orodha ya mtaa haihamishwi, unaandikwa ulipo wakati huo. Tarehe zikitangazwa, atazame kalenda siku hiyo hiyo, achague siku yake ya mapumziko iliyo mapema kuliko zote, aende na mwenzake wa kazini anayeishi karibu. Akifika athibitishe na mwandikishaji jina la mtaa kabla ya kusaini. Orodha ikibandikwa arudi, alipige picha jina lake na namba ya mstari. Siku ya kura vituo mwaka 2024 vilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, mapema kuliko vya uandikishaji. Anayetoka Kariakoo saa kumi na moja atakuta sanduku limefungwa. Kwenye karatasi, alama ya vema moja kwa mgombea wa nafasi husika, ndani ya nafasi yake, bila kuandika jina lake wala maneno ya hasira. Kura yenye matusi inahesabiwa kuwa imeharibika hata kama matusi yenyewe ni ya haki.

Na kuna kitu kisichosubiri 2029. Mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji hauulizi kama uliandikwa kwenye orodha ya wapiga kura. Unauliza kama ni mkazi na una miaka 18. Kijana wetu aliyekosa kura Novemba 2024 anaweza kuingia kwenye mkutano ujao, akakaa kwenye benchi la mbele, na likisomwa fungu la mapato na matumizi akanyoosha mkono kuuliza fedha za ulinzi za miezi mitatu zimekwenda wapi. Muhtasari utaandika kwamba swali liliulizwa.